Ana miaka minne, hataki kula, anagaragara dukani na bado anakojoa kitandani. Nianzie wapi?

Swali

Habari za kazi. Nina mtoto wa kiume aliyetimiza miaka 4 mwezi uliopita. Tunaishi Morogoro, chumba na sebule: mimi, baba yake, mama mkwe na dada wa kazi. Mtoto hataki kula. Ugali vijiko viwili, basi, labda awekewe katuni kwenye simu ndipo dada amlishe. Biskuti na juisi ya boksi hakatai. Dukani akinyimwa kitu anajitupa chini na kugaragara mpaka watu wanatuangalia. Usiku bado anakojoa kitandani, hajawahi kuamka mkavu hata wiki moja mfululizo. Asubuhi analia kwenda chekechea, na siku hizi ameanza uongo. Analala saa nne usiku akishamwona baba yake, anaamka saa kumi na mbili. Choo anapata kila baada ya siku tatu hivi, tena kigumu, na mwalimu anasema chooni shuleni hataki kuingia. Kadi ya kliniki inaonyesha alikuwa na kilo 13.6 alipotimiza miaka 3, sasa ana 15.5. Mama mkwe anasema nimemdekeza, dawa yake ni fimbo, samaki mkunje angali mbichi. Juzi alikasirika akaja akaniambia, "Mama, nina hasira," halafu akaenda kukaa kwenye mkeka. Hilo tu ndilo lililonifurahisha. Je, mwanangu ana tatizo, au mimi ndiye ninayekosea malezi?

Jibu

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima raha. Kwa haya uliyoyaeleza, mwanao haonyeshi dalili ya ugonjwa mkubwa, na wewe hujaharibu malezi. Mtoto aliyeongezeka kilo 1.9 kwa mwaka mmoja ni mtoto anayekula. Katika umri huu wengi huongezeka kilo 2 hivi kwa mwaka. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miaka 4 aliye katikati kabisa ya wenzake ana kilo 16.3, na wale wa kati ya kilo 12.7 na katikati hiyo bado wako katika eneo salama. Wako yuko hapo, na amekwenda na mstari wake mwaka mzima. Hiyo kadi uliyoitunza inasema kweli kuliko sahani anayoiacha mezani.

Lakini kuna mambo mawili uliyoyataja kwa kupita, nami ndiyo yaliyonisimamisha: saa anayolala, na choo kigumu. Umeniandikia matatizo mengi. Mimi naona mawili yanayobeba mengine karibu yote, na ningekusihi uanze na hayo kabla hujahangaika na ugali.

Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ukijumlisha na wa mchana. Hayo ni maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019. Wako analala saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili: saa 8. Hata akisinzia saa nzima chekechea, bado ana upungufu, na upungufu huo anaubeba kila siku ya juma. Mtoto mwenye usingizi pungufu hasinzii kama mtu mzima. Mara nyingi anakuwa na papara, analia kwa jambo dogo, hana subira, na asubuhi anaamka hana hamu ya chai wala ya kwenda popote. Ukisoma tena barua yako, utaona umeyaandika hayo yote bila kuyataja kwa jina moja.

Najua kwa nini anachelewa. Baba anarudi usiku, na mtoto anataka kumwona. Hamu hiyo ni nzuri na sitaki mumnyime. Mhamishie tu wakati mwingine. Baba akiamka dakika 20 mapema, akamwogesha yeye, akamvalisha, akampeleka hadi kwa mwalimu, mtoto atakuwa amepata baba aliye macho, si baba aliyechoka akitazama taarifa ya habari. Jumamosi na Jumapili waachieni muda wao wawili. Kisha msogeze usingizi taratibu: leo saa nne kasoro robo, baada ya siku tatu au nne saa tatu na nusu, hivyo hivyo mpaka mfike saa mbili usiku. Ukimlaza saa mbili kwa ghafla atakodoa macho mpaka saa nne, na wewe utakata tamaa.

Katika chumba na sebule, kulaza mtoto huku tamthilia inanguruma upande wa pili ni kazi ngumu. Punguzeni sauti, zimeni taa ya upande wake, na simu iondoke machoni pake saa nzima kabla ya kulala. Utaratibu uwe uleule kila siku: kuoga, kukojoa, mkeka au kitanda, hadithi, kulala. Na hadithi nakuomba sana umwachie bibi yake. Mama mkwe anayeanza "Paukwa!" na mjukuu akaitikia "Pakawa!" anamfundisha mtoto lugha, subira na kusikiliza, na yeye mwenyewe anapata nafasi ya heshima katika malezi badala ya kubaki mtoa lawama. Nitarudi kwake.

Sasa choo. Mtoto anayeogopa choo cha shule (mara nyingi ni cha shimo, kina giza, tundu kubwa, harufu, pengine wakubwa wanasukumana mlangoni) anajizuia. Anavyojizuia, choo kinakauka na kuwa kigumu. Siku kikitoka kinamuuma, na maumivu yanamfanya ajizuie zaidi. Utumbo ukijaa hivyo, tumbo linakuwa zito na hamu ya chakula inapungua. Tena utumbo uliojaa unakibana kibofu kilicho mbele yake, kibofu kinakosa nafasi ya kutunza mkojo wa usiku mzima. Kwa hiyo ugali unaobaki sahani na shuka inayolowa vinaweza kuwa na chanzo kimoja, na hakuna hata kimoja kati yake ambacho fimbo ingekigusa.

Mpe maji ya kutosha mchana. Mpe papai, embe, parachichi, chungwa alile na nyama zake badala ya kukamuliwa juisi, mchicha au matembele, maharage. Kila siku baada ya chai ya asubuhi au chakula cha jioni, mkalishe kwenye poti au chooni dakika tano bila kumharakisha na bila kumgombeza kisipotoka, miguu ikiwa imekanyaga kitu kigumu. Akipata choo laini, mwambie umefurahi. Chekechea, nenda naye siku moja watoto wenzake wakiwa hawapo, mwingie pamoja, mwonyeshe pa kukanyaga. Mwombe mwalimu amruhusu kwenda akiwa na mtu mzima, kabla ya foleni ya mapumziko. Walimu wengi wanakubali ombi dogo kama hilo likiombwa vizuri. Usimpe dawa ya kumfanya aharishe ya kununua tu dukani, wala usikubali aingiziwe sabuni au dawa za mitishamba kwa nyuma. Ikifika wiki mbili au tatu choo hakijalainika, mpeleke kituo cha afya apewe dawa inayomfaa kwa uzito wake.

Kuhusu kukojoa kitandani, nataka uondoe aibu yote, yako na yake. Kati ya watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado wanakojoa usiku, na sisi watu wa afya hatuliiti tatizo kabla ya miaka 5. Huwa linarithiwa pia. Muulize mama mkwe kwa upole baba mtu aliacha lini. Huenda akakumbuka jambo litakalowalainisha wote. Mtoto hakojoi kwa uvivu wala kwa kiburi. Yuko usingizini. Asitangaziwe kwa majirani, asiitwe kikojozi, godoro lisianikwe mlangoni kama tangazo. Tandika mpira au nailoni chini ya shuka, akojoe kabla ya kulala, maji anywe mengi mchana na kidogo baada ya chakula cha jioni, na chai jioni muiache.

Tuje kwenye kula. Mwaka wa kwanza wa maisha uzito wa mtoto huongezeka karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Akifika miaka mitatu, minne, mwendo huo umepungua sana, na hamu ya kula inapungua nao. Wakati huohuo anakuwa mwoga wa chakula kigeni. Ni tabia ya umri, inaonekana kwa watoto wa kila nchi kati ya miaka 2 na 6. Chakula kipya huenda akahitaji kukiona na kukionja mara 8, 10, hata 15 ndipo akikubali, nasi wazazi wengi huwa tumekwisha tangaza kuwa "mchicha hapendi" mara ya tatu tu.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ana mgawanyo wa kazi ambao nautumia na wazazi wangu kliniki kwa sababu unaondoa vita: mzazi anaamua chakula gani kitaliwa, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua atakula au hatakula, na kiasi gani. Ukishika sehemu yako na kumwachia yake, kususa hakumpi faida yoyote. Milo mitatu na vitafunwa viwili kwa saa zinazojulikana, katikati yake ni maji tu. Biskuti na juisi ya boksi zinazoliwa saa kumi jioni ndizo zinazokula ugali wa saa moja usiku. Mpeni badala yake ndizi mbivu, kiazi kitamu kilichochemshwa, yai, au uji.

Mpakulie kwenye sahani yake mwenyewe. Mtoto mdogo akila sinia moja na wakubwa, hamjui amekula nini, na wenye mikono ya haraka wanamzidi. Kiasi cha kuanzia ni kijiko kimoja cha chakula cha kila aina kwa kila mwaka wa umri wake: kwa huyu, vijiko vinne vya ugali au wali, vinne vya maharage au dagaa, vinne vya mboga. Ni kidogo, ndiyo. Akitaka zaidi ataongezewa. Sahani iliyojaa mlima inamchosha kabla hajaanza.

Katuni wakati wa kula ningekuomba muiache, ingawa najua dada atalalamika siku za mwanzo. Mtoto anayelishwa macho yakiwa kwenye simu anameza bila kuhisi njaa wala shibe, na ndivyo anavyokosa kujifunza kula mwenyewe. Simu kwa umri wake isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Mkae naye, mle naye, aone midomo yenu ikitafuna kile mnachotaka akile. Baada ya nusu saa sahani iondolewe, bila maneno. Siku mbili tatu za kwanza atakula kidogo, moyo utakuuma, na mama mkwe atataka kumpa biskuti kwa siri. Kubalianeni naye kabla hamjaanza.

Jambo moja la chai. Chai ya rangi pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, na watoto wetu wengi wana upungufu wa damu. Mpeni uji au maziwa. Karanga ni chakula kizuri sana kwake, ila zisagwe, maana nzima zinaweza kumpalia. Zichambueni: zilizosinyaa, zenye ukungu au ladha chungu zitupwe bila huruma, kwa kuwa ndiko sumukuvu inakokaa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Angalia pia kwenye kadi kama alipata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo Juni au Desemba. Hutolewa kila miezi sita kwa watoto walio chini ya miaka mitano.

Sasa dukani. Mtoto wa miaka minne anataka kwa nguvu kama sisi, lakini sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia ndiyo kwanza inaanza kukomaa, na itaendelea kukomaa mpaka atakapopita miaka ishirini. Kwa hiyo hasira inapomshika hawezi kusikia hoja. Usimhutubie, usimtishe, usijadiliane naye. Inama karibu yake, hakikisha hajigongi, sema maneno machache kwa sauti ya chini: "Ulitaka pipi. Leo hatununui. Nipo hapa." Kisha nyamaza. Hasira nyingi za umri huu zinaisha ndani ya dakika tano, ingawa kwa mama anayetazamwa na duka zima zinaonekana kama saa. Watu watatazama, waache watazame. Anayekuangalia kwa huruma alishalea; anayekuangalia kwa dharau hatakuja kukusaidia kesho. La msingi ni kwamba pipi isipatikane baada ya kugaragara, hata siku moja, hata bibi akiwepo. Ikipatikana mara moja kati ya kumi, atajaribu mara zote kumi.

Kazi kubwa zaidi iko kabla ya duka. Asiende akiwa na njaa au akiwa anatakiwa kulala. Mwambie mlangoni kwenu: "Tunanunua sabuni na chumvi. Pipi leo hapana. Utabeba wewe chumvi." Mtoto aliyepewa kazi ana kitu cha kushika na cha kujivunia.

Na sasa lile uliloliandika mwishoni. Mtoto wa miaka minne aliyekasirika, akakufuata, akataja hasira yake kwa jina, akajitenga kwenye mkeka mpaka ikapoa! Dada yangu, hilo ndilo tunalolitafuta kwa mafunzo yote haya. Kuna watu wazima hawajaliweza. Hakulipata hewani: alilisikia kwako, ulipokuwa ukimwambia "naona una hasira" pengine bila kujua unafundisha. Kesho halitatokea, keshokutwa atagaragara tena, halafu litatokea tena, na kila likitokea mwambie waziwazi ulichokiona: "Ulikasirika, ukaniambia, hukupiga mtu." Msimulie baba yake asubuhi inayofuata mtoto akisikia. Sifa ya namna hiyo inamwonyesha jambo lenyewe alilolifanya vizuri, kuliko "mtoto mzuri" ya jumla.

Uongo usikutie hofu. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kabatini, akatoka, mama yake akaihamishia kabati lingine. Wakawauliza: akirudi ataitafuta wapi? Wadogo wanasema ataitafuta pale ilipo, kwa kuwa wao wanajua ilipo. Karibu na miaka minne, mitano, wanaanza kuelewa kwamba kichwa cha mwenzako kinaweza kuwa na habari tofauti na zako. Hapo ndipo uongo unapowezekana. Mwanao amefika hapo. Usimtege kwa swali ambalo jibu lake unalijua, ukiona sukari mdomoni usiulize nani amelamba, sema, "Naona umelamba sukari, njoo tufute meza." Akisema kweli bila kuulizwa, adhabu ipungue mbele ya macho yake, ajue ukweli una faida.

Chekechea, muulize mwalimu mtoto analia muda gani ukishaondoka. Akinyamaza upesi na kucheza, kilio ni cha kuagana tu. Aga kwa ufupi, kwa maneno yaleyale, kisha uende. Usitoroke akiwa ameangalia pembeni, kwa sababu kesho yake atakung'ang'ania zaidi. Akilia siku nzima, au akirudi na hofu ya mtu fulani, hilo ni jambo lingine na ulifuatilie siku hiyohiyo. Na kama anapewa kurasa za kuandika herufi nyumbani, zungumza na mwalimu. Vidole vya miaka minne vinahitaji kwanza kukanda unga, kuchambua mchele, kufunga vifungo, kuchora mchangani.

Nilisema nitarudi kwa mama mkwe. Usibishane naye mbele ya mtoto, wala usimpelekee maneno yangu kama hukumu. Ana haki kwamba mtoto anahitaji mipaka, na samaki kweli anakunjwa angali mbichi. Tunachotofautiana ni namna. Tafiti za miaka mingi, katika nchi nyingi, zinaonyesha kwamba watoto wanaochapwa huwa na ugomvi zaidi baadaye, si pungufu. Hata Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka malezi yenye mwitikio (mzazi kusoma ishara za mtoto na kumjibu) na ulinzi wa mtoto kati ya nguzo zake tano. Mwendee akiwa ametulia, baba wa mtoto awepo kwa kuwa ni mama yake yeye, umwombe mambo mawili tu: hadithi ya usiku, na kutotoa biskuti kati ya milo. Mwambie mtajaribu mwezi mmoja bila fimbo. Mzee aliyeombwa msaada hujibu tofauti na mzee aliyekosolewa.

Baada ya mwezi huo mpime uzito, tazama choo kimekuwaje, hesabu saa za usingizi. Mpeleke kituo cha afya mapema zaidi ukiona uzito unashuka, damu kwenye choo, viganja vimepauka, anakula udongo, maumivu akikojoa, au anakoroma usiku na pumzi kukatika katika. Vilevile akipoteza maneno aliyokuwa nayo, au watu wa nje hawaelewi anachosema. Na ukimwona ameanza kunywa maji kupita kawaida, anakojoa mno mchana na usiku huku anakonda, usisubiri mwezi wala wiki: nenda siku hiyohiyo, waambie wapime sukari.